Bodi za Saketi na Hewa ya Bahari: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea zaidi Unguja na Pemba ni kwamba rangi ya kijani inayofunika bodi ya saketi ni kinga ya maji na chumvi. Kazi hasa ya rangi hiyo ni kuizuia lehemu isisambae na kuunganisha njia za shaba zisizopaswa kukutana. Sehemu za kulehemu miguu ya vifaa huachwa wazi, na aghalabu uharibifu huanzia hapo. Hewa yetu hubeba chembe za chumvi, iwe kaskazi au kusi, na chumvi hufyonza unyevu. Bodi ikipoa usiku, utando mwembamba wa maji hutanda juu yake, na pakiwa na umeme, hata wa volti 5 tu, metali ya upande wa chanya huyeyuka kidogo kidogo, husafiri ndani ya utando huo na kujijenga upande wa hasi kama nyuzi zinazoota, hadi zinapogusana na kuleta shoti. Mabaki ya flaksi, yaani dawa inayosaidia lehemu ishike, huiharakisha hali hiyo.

Kwa sababu hiyo, koti la akriliki au silikoni linafaa sana, mradi bodi iwe imesafishwa na kukaushwa kwanza, kwani koti likipakwa juu ya uchafu hufungia chumvi ndani. Hata hivyo, kinga ya mwanzo iko mikononi mwa msanifu: aachanishe njia zenye tofauti kubwa ya volti, na aelekeze viunganishi chini ili matone yasitiririke kuingia ndani. Haya hayana budi kuamuliwa kabla bodi haijaagizwa.

Wengine huichukulia bodi kuwa ni kibao cha kushikilia vifaa tu. Ukweli ni kwamba kila njia ya shaba, ambayo kwa kawaida ina unene wa takriban mikromita 35, ina ukinzani na induktansi yake (tabia ya kupinga mabadiliko ya umeme), na umeme unaokwenda lazima urudi. Katika masafa ya juu, umeme unaorudi hushika njia yenye induktansi ndogo kabisa, yaani hupita kwenye tabaka la ardhi (bapa la shaba la volti sifuri), moja kwa moja chini ya njia iliyoupeleka. Msanifu akilikata tabaka hilo ili apitishe waya mwingine, umeme hulazimika kuzunguka, na mzunguko huo hugeuka kuwa antena inayovuruga redio na vihisio vya jirani. Kwa maoni yangu, hili ndilo somo ambalo mwanafunzi wa usanifu angepaswa kufundishwa kabla ya yote.

Hapo huja utetezi kwamba saa ya chipu, yaani mapigo yanayoiongoza kazi yake, ni ya polepole, megahetsi 8 tu (mapigo milioni 8 kwa sekunde). Kinachoamua ni kasi ya ishara kupanda kutoka sifuri hadi moja, si idadi ya mapigo kwa sekunde. Katika bodi ya nyuzi za kioo na epoksi ishara husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde. Ikiwa inapanda ndani ya nanosekunde 1, njia ya sentimita chache tu inatosha kuirudisha nyuma kama mwangwi. Ama hofu kwamba kona za nyuzi 90 katika njia za shaba huharibu ishara, katika bodi za kawaida haina msingi.

Programu za kusanifu bodi nazo hupewa imani kupita kiasi. KiCad, iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992 na inayopatikana bure, hukagua nafasi na miunganisho kwa uaminifu, lakini haijui kwamba kapasita ya kutuliza umeme wa chipu imewekwa mbali mno na chipu hiyo, wala kwamba bodi itaning'inizwa karibu na bandari ya Wete.

Vilevile si kweli kwamba vifaa vidogo zaidi ndivyo bora zaidi. Rezista ya milimita 1.0 kwa 0.5 huokoa nafasi katika simu, lakini katika kidhibiti cha pampu ya kisima cha Micheweni, ambako nafasi si tatizo, ile ya milimita 2.0 kwa 1.25 inafaa zaidi, kwa kuwa fundi wa hapo hapo ataweza kuibadilisha kwa pasi ya kawaida ya kulehemu bila kusubiri bodi nyingine kutoka ng'ambo.