Walishona majahazi kwa kukosa misumari?

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mwalimu aliyeleta wanafunzi: "Kumbe Waarabu wa kale walishona vyombo kwa kamba kwa kuwa hawakujua chuma?" Nikameza mate.

Chuma kilikuwapo. Karne ya 12, al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, aliandika kwamba chuma cha Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kilinunuliwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Mtu apakie chuma jahazini, halafu akose msumari wa kulipigilia jahazi lenyewe?

Walishona kwa sababu kushona kulifaa. Msumari wa chuma ukipata maji ya chumvi huliwa na kutu, ukaozesha na mbao iliyoushika. Makumbi ya nazi chumvi ni mwenzao: hufukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa, yakapondwa, ndipo yakasokotwa kamba. Fundi hutoboa kingo za mbao, hupitisha kamba, huikaza mpaka ilie, kisha huziba tundu kwa kijiti. Chombo hicho kikigonga mwamba hunepa, hakipasuki. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alilisema hilo hilo karne ya 14. Kasoro chombo hicho kinayo, sikatai: huvuja, na mabaharia hawaachi kufua maji ya ngama, yanayokusanyika chini ndani ya chombo.

Mwenye shaka aulize habari za Sohar, jahazi lililoundwa Sur, Oman, bila msumari hata mmoja, kwa kamba ya kilomita 640 hivi. Mwaka 1980 liling'oa nanga Muscat, likafika Canton, China. Na mitepe ya Lamu, vyombo vya kushonwa vya Waswahili, ilishonwa hadi miaka ambayo misumari ya Ulaya ilikuwa imejaa madukani!

Mengine kwa haraka. Si kila chombo ni dau. Tazama tezi, yaani nyuma ya chombo, kwanza, ndio ushauri wangu kila siku: bumu limechongoka omo (mbele) na tezi, sambuku tezi yake imekatwa bapa. Ibn Majid, baharia Mwarabu anayedaiwa kumwongoza Vasco da Gama hadi India, naye mwacheni apumzike. Rubani aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, waandishi wa Kireno wanamtaja kuwa Mgujarati.

Kuhusu shehena, wako wanaosema majahazi yalibeba watumwa tu, na wako wanaokana kabisa kuwa yaliwabeba. Yaliwabeba. Yalibeba pia tende za Basra kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, yakarudi na boriti za Lamu na Rufiji kwa kusi, upepo wa kutoka kusini. Ukiingia nyumba ya zamani Kuwait, inua macho darini: vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ndipo inapoishia.