Mandhari ya kitamaduni ni nini? Mlima wa Sukur unavyoieleza

Mandhari ya kitamaduni ni eneo ambalo sura yake imetokana na watu na maumbile kwa pamoja, kiasi kwamba ukiuondoa upande mmoja, wa pili nao hauelezeki. Mlima mzuri wenye kijiji chini yake haujafika hapo, na jumba la kale lililozungukwa na miti vilevile. Kinachotafutwa ni mahusiano ya muda mrefu yaliyoacha alama juu ya ardhi: mawe yaliyopangwa kwa mikono kwa kuwa mteremko ulikuwa mkali, mti ulioachwa katikati ya shamba kwa kuwa ni wa tambiko, kisima kilichojengewa pale kwa kuwa maji ya kiangazi hupatikana hapo tu.

Wakulima wa milimani hawakuhitaji kuelezwa hayo. Waliohitaji ni wataalamu wa urithi. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa UNESCO, uliopitishwa mwaka 1972, kwa vitendo uliwafanya watenganishe mali za utamaduni na mali za asili: magofu na majengo huku, mbuga na maporomoko ya maji kule. Sehemu zilizokuwa na vyote viwili zikawa taabu. Eneo la Lake District la Uingereza, lenye maziwa, kuta za mawe na malisho ya kondoo, lilifikishwa mbele ya kamati inayosimamia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987 na tena mwaka 1990, na mara zote mbili likakwama. Mwaka 1992, katika mkutano uliofanyika Santa Fe, Marekani, kamati ilikubali rasmi fungu la mandhari ya kitamaduni. Lake District lenyewe lilisubiri mpaka 2017.

Afrika iliingia mwaka 1999, kwa Sukur. Hiyo ndiyo mandhari ya kitamaduni ya kwanza ya bara hili katika orodha ya Urithi wa Dunia, na pia mali ya kwanza ya Nigeria katika orodha hiyo. Ukitaka kuielewa dhana hii pasipo kupotea katika lugha ya mikataba, Sukur inafaa kuliko mifano mingi ya Ulaya, maana kila kipande chake kina kazi.

Sukur iko katika jimbo la Adamawa, kaskazini mashariki mwa Nigeria, ndani ya milima ya Mandara inayopakana na Kameruni. Uwanda wake wa juu uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kutoka bondeni unapanda kwa njia pana zilizotandikwa mawe, na juu kabisa ndipo lilipo boma la Hidi, kiongozi wa mji, lenye kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Nyumba za watu ziko chini ya boma hilo, nazo zimezungushiwa kuta za namna hiyohiyo. Kuta hizo huonyesha mpaka wa familia na familia, na zamani zilikuwa kinga. Ndani yake kuna vihenge vya nafaka, viwanja vya kupuria, na mazizi ya madume ya ng'ombe yaliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi. Dume hulishwa humo mpaka linone. Mengine huchinjwa kwenye sherehe, mengine hutolewa zawadi, na mwenye nalo heshima yake hupanda. Visima navyo vina sura ya pekee: maji yako chini, juu yake kumejengwa paa la mawe lenye umbo la koni, kisha ukuta ukazungushwa.

Halafu kuna makinga maji. Miteremko imekatwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikashikiliwa na ukuta mfupi wa mawe, ili udongo usichukuliwe na mvua na mtama upate pa kushika mizizi. Kwa mpita njia ni kilimo tu. Kwa wenyeji, katikati ya ngazi hizo kuna miti mitakatifu na mahali pa matambiko, hivyo shamba na dini vimekaa juu ya jiwe lilelile. Hapa ndipo mgawanyo wa zamani wa utamaduni na asili unapoonekana ulivyokuwa wa makaratasi. Ukuta ule utauandika wapi?

Chuma kilikuwa na nafasi kubwa zaidi, ingawa leo hakionekani upesi. Bondeni kuna mabaki mengi ya matanuri ya kuyeyushia chuma, mara nyingi karibu na nyumba za waliokuwa wenyewe. Madini yalichotwa kwenye vijito baada ya mvua, yakiwa mchanga mweusi mzito. Mvukutaji alikaa juu ya tanuri, na upepo ukashuka ndani kwa bomba la udongo. Kazi hiyo ilikuwa na miiko na matambiko yake, ilikula makaa mengi, na chuma chake kiliuzwa mbali, hata kaskazini upande wa Borno. Chuma chakavu cha viwandani kilipofika kwa bei rahisi, matanuri yalizimwa. Kufikia miaka ya 1960 kazi ilikuwa imekwisha.

Chuma hicho kilibadilisha hata namna ya kuisoma Sukur. Waandishi wa wakati wa ukoloni waliona boma, kuta na njia za mawe, wakahitimisha kwamba hapa palikuwa na ufalme mkuu uliozitawala jamii za jirani. Wanaakiolojia Nicholas David na Judy Sterner walipochunguza miaka ya 1990 walipinga. Kwa maoni yao, nguvu ya Sukur haikutoka kwenye kiti cha enzi. Ilitoka kwenye matanuri, na jamii yenyewe haikuwa na tabaka la mabwana wanaoishi kwa jasho la wengine. Mimi naona hoja yao ina uzito, kwa kuwa inawapa heshima watu wengi waliofanya kazi, ilhali ile ya kwanza inampa mmoja aliyekaa bomani.

Lakini mbona watu wengi namna hiyo waliishi juu ya miamba wakati bondeni kuna ardhi tambarare? Sehemu ya jibu ni mashambulizi. Hamman Yaji, aliyekuwa mtawala wa Madagali chini ya mlima, aliandika shajara kuanzia 1912 hadi 1927, na ndani yake anataja bila haya misafara yake ya kwenda milimani, Sukur ikiwemo, kuteka watu na mifugo. Waingereza walimwondoa mwaka 1927. Maelezo ya kitalii hupenda kusifu uzuri wa ngazi zile na kuliruka jambo hili. Ngazi zile ndizo zilizowawezesha watu kula bila kushuka.

UNESCO inagawa mandhari hizi katika makundi matatu. Kuna zilizobuniwa makusudi, kama bustani za kifalme. Kuna zilizokua taratibu kutokana na maisha ya watu. Na kuna zile ambazo thamani yake kubwa iko katika imani, hata kama mkono wa binadamu hauonekani sana. Kundi la pili linagawanyika tena: zilizokoma na zinazoendelea. Kwa msomaji wa Tanzania, Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, inaeleza vizuri iliyokoma: ngazi za mawe na mifereji ya umwagiliaji ipo, lakini wenyewe waliondoka katika karne ya 18. Sukur inaendelea. Matanuri yake yamekufa, ila mashamba yanalimwa, Hidi yupo, sherehe zinafanyika.

Tofauti hiyo hubadilisha maana ya kutunza. Gofu linaweza kuzungushiwa uzio na kuwekewa mlinzi. Ukuta wa kinga maji hauna dawa ya namna hiyo. Mvua moja kubwa huangusha mawe, na asipokuwepo mkulima wa kuyarudisha, miaka michache inatosha kuufuta mteremko mzima. Paa la nyasi nalo lazima liezekwe upya kila baada ya muda. Ndiyo maana, pamoja na tume ya taifa ya makumbusho, kazi kubwa ya kuitunza Sukur iko mikononi mwa wenyeji na mila zao. Desemba 2014 wapiganaji wa Boko Haram waliupanda mlima wakachoma nyumba. Mapaa yaliungua, mawe yakabaki, na watu waliorudi walijua kuezeka. Kinachoisumbua Sukur kimyakimya zaidi ni watu kushukia bondeni kufuata maji, shule, barabara na soko. Huwezi kumlaumu mzazi kwa hilo, na mpango wowote wa uhifadhi usiompa sababu ya kubaki ni karatasi tu.

Kwenye pwani ya Kenya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda iitwayo Kaya iliingizwa katika orodha hiyo ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 kwa vigezo vilevile vitatu vilivyotumika kwa Sukur. Ni sehemu kadhaa zilizotapakaa katika ukanda wa kilomita 200 hivi. Huko mawe ni machache. Kilicholinda miti ni miiko ya wazee, na inapopuuzwa msitu hukatwa.

Na ng'ambo ya mpaka kutoka Sukur, kwenye milima hiyohiyo ya Mandara, Kameruni ilipata nafasi yake mwaka 2025 kwa Diy-Gid-Biy: majengo ya mawe yasiyo na saruji, yanayokadiriwa kuwa ya kati ya karne ya 12 na ya 17. Waliojenga hawajulikani. Wamafa wanaoishi hapo leo wanalima ngazi zinazoyazunguka, wanazika wafu wao karibu na wana mahali pao pa ibada papo hapo, kwa hiyo eneo moja limebeba mandhari iliyokoma na inayoendelea kwa wakati mmoja.