Upasuaji wa kukaza uso: maana yake na yanayomngoja mgonjwa

Upasuaji wa kukaza uso ni operesheni ya kurudisha mahali pake nyama na ngozi zilizoshuka kwa umri mashavuni, kandokando ya taya na shingoni. Wengi hudhani kwamba daktari huivuta ngozi tu, kama mwambaji anavyokaza ngozi ya ngoma, na dhana hiyo ndiyo inayopotosha matarajio. Chini ya ngozi na mafuta yake upo utando imara ulioshikamana na misuli ya uso, ambao madaktari wa upasuaji Mitz na Peyronie waliueleza mwaka 1976. Daktari huukaza utando huo, kisha huilaza ngozi juu yake bila kuivuta kwa nguvu na kukata iliyozidi. Ngozi inayovutwa peke yake hulegea mapema na kovu lake hutanuka.

Mkato huanzia ndani ya nywele penye panja, juu ya sikio, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe na kuishia nyuma yake. Mikunjo ya paji la uso, mifuko ya chini ya macho na vimistari vya juu ya mdomo hubaki vilevile, kwa kuwa vina tiba nyingine.

Kwetu Tabora, mkoa wa mashamba ya tumbaku kuanzia Urambo hadi Sikonge, jambo moja linahitaji kusemwa kwa uzito. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyotenganishwa na tabaka la chini huishi kwa mishipa hiyohiyo. Kwa mvutaji, ngozi ya nyuma ya sikio inaweza kufa na kuacha kidonda kibaya. Ndiyo maana hutakiwa kuacha sigara takriban wiki 4 kabla, na ugoro haumo katika ruhusa, maana nao una nikotini.

Tatizo linalotokea zaidi ni damu kuvilia chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza, na huwapata zaidi wanaume na wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Uvimbe wa upande mmoja unaokua haraka na kuuma ni dharura. Kwa hiyo anayesafiri kutoka Tabora kwenda kupasuliwa Dar es Salaam asikate tiketi ya treni ya kurudi kesho yake. Kwa maoni yangu, abaki karibu na daktari wake hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida ndani ya siku 10 hivi.

Uvimbe mwingi hupungua baada ya wiki 2 au 3, ilhali ganzi ya mashavu na masikio huweza kudumu miezi. Katika majuma ya mwanzo mgonjwa hulala kichwa kikiwa kimeinuliwa, habebi ndoo wala hainami kupuliza moto. Aliyewahi kuota kovu nene baada ya kutoboa masikio amweleze daktari kabla ya kukubali kisu, kwa sababu mkato huu hupita palepale.