Supu ya mwenye mafua si supu ya wazima

Kipupwe kikiingia hapa Tabora, jua la mchana ni lile lile, lakini usiku wa manane mtu anapapasa kutafuta blanketi la pili. Vumbi linapanda, midomo inapasuka, na ukipita Isevya au Ng'ambo alfajiri unasikia chafya nyumba hadi nyumba.

Mimi ni afisa lishe. Miezi hii ya Juni na Julai, mama akishapimiwa mtoto uzito huinama karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, baba watoto ana mafua siku ya tatu, chakula hakipiti. Nimpikie nini?" Namwambia ampikie supu ya kuku. Ila kabla hajaondoka namuuliza ataipikaje, maana wengi wanachofikiria ni supu ya mgahawani: kitunguu kimekaangwa, mafuta yanaelea, kiungo cha kipande cha dukani, chumvi nyingi na pilipili juu yake. Ile ni supu nzuri kwa mtu mwenye afya yake, anayeinywa asubuhi na chapati mbili. Mwenye mafua anahitaji nyingine kabisa.

Nililijua hili kwa mama yangu mzazi. Nilikuwa nimeajiriwa mwaka huo huo, nikaja likizo nikamkuta kajifunga kanga kichwani, sauti imekwenda. Nikachinjisha jogoo, nikampikia kwa mapenzi yangu yote, viungo vyote nilivyovijua vikaingia. Alikunywa vijiko viwili, akaliweka bakuli kwenye stuli, akasema, "Mwanangu, hii ni ya wazima." Mama mkubwa alikuwa ameketi mkekani, hakusema neno. Kesho yake asubuhi alikuja na tetea mzee kwapani.

Nieleze kwanza supu inafanya nini, maana ukishajua hilo mapishi yanajieleza. Mafua huletwa na virusi, na viko zaidi ya aina 200 vinavyoweza kuyaleta. Antibayotiki haziviui, hata ukinunua dozi nzima duka la dawa. Mwili unavimaliza wenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10. Supu nayo haiui kirusi. Kazi yake ni kumfikisha mgonjwa kwenye siku hizo akiwa na maji mwilini, chumvi kiasi, protini kidogo na koo lililopata joto. Mtu mwenye mafua anapoteza maji kwa kamasi, kwa jasho, na kwa kupumua kwa mdomo usiku kucha. Wakati huo huo hana hamu ya kula wala kunywa. Ukimpa glasi ya maji ataionja na kuiacha, lakini kikombe cha supu nzuri atakimaliza.

Liko na jambo la pua yenyewe. Mwaka 1978 madaktari wa Miami Beach, Marekani, waliwapa watu 15 wenye afya maji baridi, maji ya moto na supu ya kuku ya moto, kisha wakapima ute unasafiri kwa kasi gani ndani ya pua. Maji baridi yaliupunguza mwendo. Maji ya moto na supu viliuharakisha, na ute ukitembea pua inazibuka. Lakini baada ya nusu saa ile kasi ilikuwa imerudi pale pale ilipokuwa mwanzo. Baadaye, mwaka 2000, Dk. Stephen Rennard wa Chuo Kikuu cha Nebraska alichapisha utafiti juu ya supu ya kuku ya familia ya mkewe, mapishi ya bibi aliyetoka Lithuania. Katika vyombo vya maabara supu hiyo ilipunguza mwendo wa nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazokusanyika mahali penye maambukizi na kuleta uvimbe. Hayo yalionekana maabara, si puani mwa mtu, kwa hiyo siyabebeshi mzigo mkubwa.

Ninaloshikilia mimi ni ile nusu saa. Kama nafuu inadumu muda mfupi hivyo, basi bakuli moja kubwa la saa saba mchana halimsaidii mgonjwa sana. Kinachomsaidia ni kikombe kidogo, cha moto, kinachorudi tena na tena mchana kutwa. Ndiyo maana supu yake lazima iwe nyepesi, isiyokinaisha, na yenye chumvi ya kiasi, ili hata kikombe cha nne kisimchoshe.

Sasa kuku. Jogoo mchanga mpe mgeni. Kwa supu hii tafuta tetea aliyekoma kutaga, yule ambaye nyama yake ukiikaanga utatafuna mpaka taya ziume. Ugumu wake unatokana na kolajeni, protini iliyomo kwenye zile kano na ngozi za kuunganisha nyama na mifupa, na kolajeni ikikaa kwenye maji ya moto kwa muda mrefu inalainika na kuyeyuka kuwa jelatini. Jelatini ndiyo inayoifanya supu ipite kooni taratibu, kama imepakwa kitu, hata bila tone la mafuta ya kupikia. Usipopata wa kienyeji, wako kuku wa mayai wanaouzwa wakishamaliza muda wa kutaga, na bei yao ni ya chini. Hao pia wanafaa. Kuku wa kisasa wa nyama, wa wiki tano au sita, anaiva upesi na nyama inachambuka kabla supu haijapata nguvu, kwa hiyo ukiwa naye ongeza miguu na shingo.

Miguu usiitupe hata siku moja. Imwagie maji yanayochemka, subiri kidogo, ile ngozi ya magamba itavuka kama soksi, kisha kata kucha. Ni ngozi, kano na mifupa mitupu, na hicho ndicho tunachokitaka. Na kuku awe aliyechinjwa akiwa mzima. Kiangazi mdondo unapopita mabandani, watu wanaona uchungu kutupa kuku aliyekufa mwenyewe. Naujua uchungu huo, lakini huyo si wa sufuria, na zaidi sana si wa sufuria ya mgonjwa.

Mama mkubwa alimkata yule tetea vipande vikubwa, akampanga kwenye sufuria, akamwagia maji ya baridi. Nikamuuliza kwa nini asisubiri maji yachemke kwanza. Akanijibu, "Ukimtia kwenye moto ghafla anafunga." Alikuwa na lake la maana: nyama ikianza na maji baridi, uchafu wa damu na protini unatoka polepole na kupanda juu, ukauona na kuutoa. Kwa tetea wa kilo moja na nusu mimi naweka lita 3 za maji. Jiko la mkaa liwe na moto wa kawaida mpaka dalili za kuchemka zianze, na hapo usiondoke. Povu litakuja kwanza jeupe, halafu la kijivu lenye vipande kama pumba. Liteke kwa upawa, suuza upawa kwenye bakuli la maji, rudi tena. Ni kazi ya kama dakika kumi. Povu likishakuwa jeupe tupu na dogo, punguza moto: toa makaa mengine, mengine yafunike kwa majivu.

Kuanzia hapo supu isichemke kwa vurugu. Uso wake uwe unatetemeka tu, kiputo kimoja huku, kingine kule. Ikitokota kwa nguvu, mafuta ya kuku yanapasuliwa vipande vidogo mno yanachanganyika na maji, supu inakuwa nyeupe na nzito, na mtu mwenye kichefuchefu ataikataa kwa harufu tu. Ikienda taratibu mafuta yanabaki juu kama sarafu za njano, unayateka kwa kijiko kadiri upendavyo. Mfuniko uwekwe upande, mvuke upate pa kutokea.

Muda ni saa mbili na nusu mpaka tatu. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa hiyo nyama ngumu inatudai muda zaidi kuliko inavyowadai watu wa Dar es Salaam. Ndugu yako wa pwani akikwambia saa mbili zinatosha, yuko sahihi kwake. Ukitaka uhakika, teka kijiko kimoja kwenye kisahani, kiache kipoe kabisa, kisha kiinamishe. Kikitiririka kama maji, bado. Kikijivuta na kunata kwenye vidole ukivisugua, tayari.

Viungo vinaingia nusu saa ya mwisho: kitunguu maji kimoja kilichokatwa mara nne bila kukaangwa, karoti mbili, kitunguu saumu punje nne au tano, na tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, iliyopondwa kwenye kinu na si kusagwa mpaka ikawa uji. Chumvi iwe kijiko kimoja na nusu cha chai kwa lita 2 zitakazobaki. Mgonjwa akinywa vikombe vinne vya robo lita kwa siku, atakuwa amepata gramu 4 na nusu hivi za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku. Sasa fikiria ukiongeza na vile vipande vya viungo vya dukani, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi.

Hapa ndipo wapishi wengi wanapoteleza, na wanateleza kwa huruma. Mgonjwa anaonja, anasema, "Mbona haina ladha?" Unaongeza chumvi. Bado anasema haina. Unaongeza tena. Tatizo haliko kwenye sufuria. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka mdomoni kwenda puani kwa nyuma, na pua yake imeziba. Ulimi peke yake unajua chumvi, uchachu, utamu, uchungu na ule ukolezi wa nyama, basi. Kwa hiyo badala ya chumvi mpe ndimu, kwa sababu uchachu haungoji pua. Ukali wa tangawizi na pilipili manga nao haungoji pua, unasikika kwa mishipa ya fahamu ya mdomo na koo. Ndimu ikamuliwe kwenye kikombe, si kwenye sufuria jikoni, maana vitamini C haipendi moto mrefu. Kama koo lina vidonda, matone mawili matatu yatosha.

Mpe kikombe cha robo lita, cha moto wa kunyweka, kila baada ya saa mbili hivi, mpaka vitimie vile vinne vya siku. Akishike kwa mikono miwili, mvuke umpande usoni. Huo mvuke unatosha. Sipendi kabisa kuona mtoto anafunikwa blanketi juu ya sufuria inayochemka ati ajifukize. Nimewaona watoto wawili walioungua mapaja kwa sufuria iliyopinduka, na mafua ambayo yangeisha kwa wiki yakageuka miezi ya kufunga vidonda. Siku ya pili, hamu ikianza kurudi, chambua nyama nyembamba urudishe kwenye supu, utie konzi ya mchele, uache ulainike mpaka upondeke. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na ugali visubiri koo lipone.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi supu, hata kijiko cha kuonja. Dawa yake ya kiu na njaa ni ziwa la mama, anyonye mara nyingi zaidi, na pua isafishwe kabla ya kunyonya ili aweze kupumua. Na kwa kuwa tunaishi kwenye mkoa wa asali, niseme na hili: asali ya Tabora ni nzuri kwa kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka mmoja, kijiko cha chai kabla ya kulala. Chini ya mwaka mmoja usimlambishe kabisa, hata ile ya nyuki wadogo inayosifiwa kwa dawa. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuzizuia zisiote.

Kuna homa ambazo supu haiziwezi. Huku kwetu malaria ni nyingi, na inaanza kwa mwili kuuma na kichwa kuuma, mtu anasema ni mafua tu. Ukiona homa, nenda kapime kwanza, kipimo cha haraka ni tone la damu kwenye kidole na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Kwa mtoto, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, acha sufuria jikoni, mbebe mtoto uende kituo cha afya.

Supu iliyobaki isilale jikoni. Tulizoea kuiacha usiku kucha kwa kuwa kipupwe kina baridi, lakini baridi ya Tabora si baridi ya friji, na sufuria kubwa inabaki vuguvugu kwa saa nyingi, vuguvugu ambalo bakteria wanalipenda. Igawe kwenye vyombo vidogo, viweke kwenye beseni la maji baridi vipoe upesi, na ndani ya saa mbili viwe kwenye friji. Asubuhi utaikuta imeganda, inatikisika ukigonga chombo. Teka kiasi cha kikombe kimoja tu, kichemshe mpaka kitokote, kamulia ndimu, mpelekee angali kitandani. Kama huna friji, pika nusu ya kuku leo, nusu nyingine mwachie jirani yako akutunzie kwenye friji yake, au nunua miguu na shingo za kutosha siku moja tu, kesho uanze upya.