Je, wajua kwa nini mzimamoto mwenye kiwewe anahitaji sheria yake?

Mzimamoto akianguka kutoka kwenye ngazi na kuvunjika mguu, habari yake haina utata. Picha ya eksirei ipo, mashahidi wapo, fidia inalipwa. Mwenzake wa zamu hiyohiyo alitoka ndani ya nyumba iliyoungua akiwa amebeba mtoto aliyekufa. Tangu siku hiyo halali, mlango ukibamizwa anaruka, na moshi anaunusa hata pasipo na moshi. Huyu hana picha ya kuonyesha. Akienda kudai, anapewa fomu ileile: ajali ilitokea tarehe gani, saa ngapi, na ni sehemu gani ya mwili iliyoumia?

Fomu hiyo ina historia yake. Bima ya ajali kazini ilianza Ujerumani mwaka 1884, enzi za kansela wake Bismarck, na Uingereza ikatunga sheria yake ya fidia mwaka 1897. Waliotunga sheria hizo walikuwa wanafikiria mikono iliyosagwa na mashine. Ugonjwa wa kiwewe, yaani maumivu ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, ulikuja kuingizwa kwenye mwongozo wa utambuzi wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani mwaka 1980, baada ya askari wengi kurudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa na majeraha yasiyoonekana. Ilipofika 2013 ndipo mwongozo huo ukatoa mfano wa waokoaji wanaokusanya mabaki ya miili, na wa polisi ambao kila mara husikiliza undani wa ukatili waliotendewa watoto. Yaani mtu anaweza kuugua kwa sababu ya yale anayoyaona na kuyasikia kazini, hata kama hakuna aliyemgusa.

Tiba ilikwenda mbele, sheria ikabaki nyuma. Katika majimbo mengi ya Marekani, jeraha la akili lilihesabika pale tu lilipoambatana na jeraha la mwili. Kwingine kulikuwa na kikwazo cha ajabu zaidi: mfanyakazi alitakiwa kuthibitisha kwamba tukio lililomwumiza halikuwa la kawaida katika kazi yake. Hebu mfikirie polisi akithibitisha hilo! Kadiri kazi inavyokuwa na maiti nyingi, ndivyo kila maiti inavyohesabika kuwa jambo la kawaida, na ndivyo dai lake linavyozidi kudhoofika. Jimbo la Pennsylvania liliwaondolea waokoaji sharti hilo kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2024.

Dawa waliyoipata watunga sheria ni kugeuza mzigo wa uthibitisho. Jimbo la Alberta nchini Kanada lilitangulia mwaka 2012: polisi, mzimamoto au mhudumu wa ambulensi akipimwa na kukutwa na ugonjwa wa kiwewe, sheria inachukulia kwamba ameupata kazini. Anayeona si kweli ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Ontario ilifuata mwaka 2016, nayo ikatanua mlango kidogo. Iliwaingiza wafanyakazi wa magereza, ikawaingiza wanaopokea simu za dharura, na ikamruhusu aliyeacha kazi kudai iwapo ugonjwa utagunduliwa ndani ya miezi 24 baada ya kuondoka. Hata hivyo, kilichosababishwa na uamuzi wa mwajiri, kama kuadhibiwa, kuhamishwa au kufukuzwa, hakimo.

Mabadiliko haya yanaonekana madogo kwenye karatasi, lakini kwa mgonjwa ni makubwa mno. Bila sheria hiyo, mtu ambaye akili yake inakimbia kumbukumbu fulani analazimishwa kuirudia mbele ya karani, kisha mbele ya wakili wa bima, kisha mbele ya daktari wa upande wa pili, na kila mmoja anatafuta pengo katika maelezo yake. Wapo wanaoamua kuacha dai lenyewe. California ilipopitisha sheria ya aina hii mwaka 2019, iliweka sharti la kuwa kazini kwa angalau miezi 6, isipokuwa tukio liwe la ghafla na lisilo la kawaida. Tena sheria yenyewe iliwekewa tarehe ya kufa, maana wabunge walitaka kwanza waone itagharimu kiasi gani. Tarehe hiyo baadaye ilisogezwa mbele.

Florida ilikwenda kwa njia tofauti, na mimi naiona ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jinsi wanasheria wanavyohangaika na maumivu yasiyopimika. Juni 2016 mtu mwenye bunduki aliua watu 49 katika klabu ya usiku ya Pulse mjini Orlando. Wakati huo jimbo lilikuwa tayari kumgharimia mwokoaji matibabu ya akili, lakini mshahara alioupoteza kwa kushindwa kufanya kazi haukulipwa kama mwili wake haukujeruhiwa. Februari 2018 wakauawa watu 17 katika shule moja huko Parkland. Mwezi uliofuata gavana akasaini sheria iliyoziba pengo hilo, ikaanza kutumika Oktoba 1 mwaka huohuo.

Ila sheria hiyo haikusema tu kwamba kiwewe kinalipwa. Iliorodhesha matukio yanayokubalika: kuona maiti ya mtoto, kushuhudia mtoto akifa, kumhudumia mtoto aliyejeruhiwa ambaye baadaye hakupona, kuona maiti ya mtu aliyeumizwa kwa namna inayotikisa dhamiri. Sasa, namna inayotikisa dhamiri ni ipi? Ilibidi maofisa wakae waandike orodha nyingine ya majeraha, na kukatwa kichwa ni mojawapo. Ninaelewa kwa nini walifanya hivyo, kwani bima haiwezi kulipa kwa kigezo cha uchungu wa moyo peke yake. Lakini orodha inatafuta siku moja, tukio moja. Mhudumu wa ambulensi aliyefanya kazi miaka 20 mara nyingi hana siku moja ya kuitaja. Ana mamia ya siku, na iliyomwangusha mwishoni inaweza kuwa ya kawaida kabisa.

Wanaopokea simu za dharura ndio wanaosahaulika kuliko wote. Mtu huyu amekaa ofisini, amevaa vipokea sauti, anamfundisha mama jinsi ya kumkandamiza mtoto kifuani, kisha laini inakatika na hajui mwisho wake ulikuwaje. Takwimu za serikali kuu ya Marekani kwa miaka mingi zimemweka katika kundi la wafanyakazi wa ofisini. Sheria nyingi za mwanzo hazikumtaja kabisa.

Kuna hofu nyingine ambayo fedha haziiondoi. Polisi anajua kwamba akisema hajisikii sawa, huenda silaha yake ikachukuliwa na cheo kikampita. Kwa hiyo ananyamaza. Ndiyo maana sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 2021 ikayapa ulinzi mazungumzo kati ya askari wa serikali hiyo na wenzao waliofunzwa kutoa ushauri nasaha: yasitolewe nje, isipokuwa mtu ametishia kujiua au kudhuru wengine, amekiri kosa la jinai, au kuna mtoto au mzee anayenyanyaswa. Mwaka uliofuata ikaguswa sheria ya 1976 inayolipa familia za maofisa wa usalama wanaofia kazini. Sheria hiyo ilikuwa imewanyima kabisa familia za waliojiua, kwa hoja kwamba walikusudia. Tangu Agosti 2022, kifo cha aina hiyo kinachofuatia tukio la kutisha kazini kinaweza kuhesabiwa kuwa kifo cha kazini.

Pamoja na hayo yote, sheria nyingi kati ya hizi zinajua kulipa kuliko zinavyojua kutibu. Minnesota iliona hilo kwa macho. Baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi mwaka 2020 katika mji wa Minneapolis, na ghasia zilizofuata, mamia ya polisi wa mji huo waliomba kustaafu kwa ulemavu wakitaja kiwewe. Njia iliyokuwa wazi ilikuwa ya kutokea: unathibitisha kwamba umeugua, unaondoka na pensheni. Mwaka 2023 jimbo likabadilisha mpangilio. Anayeomba pensheni hiyo kwa sababu ya ugonjwa wa akili anapitia kwanza matibabu, yanayoweza kufika wiki 32, huku mshahara na marupurupu yake yakiendelea. Wapo walioliona hilo kama kizuizi cha kuwachelewesha watu haki yao. Mimi naona mpangilio huo ni sahihi ilimradi mshahara usikatike, kwa sababu ugonjwa wa kiwewe unatibika, na wengi wanaotibiwa mapema wanarudi kazini. Ila wiki 32 zinahitaji wanasaikolojia wanaoifahamu kazi ya zamu za usiku na nyumba zinazoungua, na hao hawazalishwi kwa kura ya bunge.