Ile Asilimia 47 Iacheni Marekani

Juzi tena, katika semina: "Mtaalamu, mashine zitatubakizia kazi ngapi?" Na muuliza swali, kama kawaida, alikuja na asilimia 47 yake mfukoni: eti ndiyo sehemu ya ajira iliyo hatarini kunyakuliwa na mashine. Jamani! Hesabu hiyo ya watafiti Frey na Osborne, ya mwaka 2013, ni ya Marekani. Walichambua aina 702 za ajira za huko, wakakadiria zipi mashine inaweza kuzifanya. Inaweza. Kama inalipa, hilo ni swali jingine.

Kiswahili nacho kinatuponza: "kazi" ni ajira, na "kazi" ni shughuli. Mashine hunyakua shughuli. Katika kiwanda cha nguo, kukata vitambaa kwa kompyuta ni habari ya zamani. Kushona mkono wa shati ndiko kwenye kasheshe, maana kitambaa hulegea, hujikunja, huteleza. Fundi hukivuta kidogo kwa kidole ili kipande cha juu kisitangulie cha chini, tena huku anapiga soga. Roboti hupenda chuma, chuma hakijikunji. Na hata ingeweza, tajiri anapiga hesabu: mshahara mdogo huku, kule mkopo wa mashine, umeme, vipuri. Mara nyingi mashine inasubiri.

Adidas walijenga viwanda vya viatu vya kujiendesha Ujerumani na Marekani. Mwaka 2019 wakatangaza kuvifunga, na teknolojia ikapelekwa kwa watengenezaji wao China na Vietnam.

Ajira mpya? Zipo. Wachumi Suri na Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa iliwatoa wanawake 185,000 wa Kenya kwenye kilimo cha kujikimu, wakaingia biashara. Simu ya vitufe tu. Tuendelee.

Kinachonikosesha usingizi ni hoja ya mchumi Dani Rodrik: nchi za leo zinafika kilele cha ajira za viwandani zingali maskini kuliko zilivyokuwa zile zilizotangulia. Hapo hakuna aliyefukuzwa wala mgomo getini. Kiwanda hakikujengwa, basi. Takwimu zetu humhesabu aliyepoteza ajira. Binti ambaye angeajiriwa hana safu kwenye jedwali. Tena si mashine peke yake, bidhaa rahisi kutoka nje nazo zimo, na kutenganisha hivyo viwili ni ugomvi ambao wachumi hatujaumaliza. Ukinibana nitaje asilimia ya mashine, nitaomba maji ya kunywa kwanza.