Hasira ya "Wah-Wah" haiko nje ya sala

Wapo wasikilizaji wanaoamini kwamba "Wah-Wah", wimbo wa hasira katika albamu ya All Things Must Pass aliyoitoa George Harrison mwezi Novemba 1970, uliwekwa mahali pasipo pake, kana kwamba ugomvi umezuka katikati ya ibada. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa wimbo unaoutangulia, "My Sweet Lord", ni maombi ya wazi yanayounganisha haleluya na jina la Krishna, mungu wa Kihindu; hata hivyo, si sahihi.

Harrison aliutunga "Wah-Wah" tarehe 10 Januari 1969, siku aliyoondoka kwa muda katika kundi lake la muziki, Beatles, baada ya kuchoshwa na mivutano ya mazoezini. Jina lake ni la kifaa cha gitaa kinachokanyagwa kwa mguu, ambalo yeye alilitumia pia kwa maana ya maumivu ya kichwa. Anayeishia kwenye kishindo cha magitaa hukosa jambo lililo kubwa zaidi: maneno yenyewe hayadai kisasi, bali yanakiri kwamba maisha huwa matamu mtu akijiweka huru. Kujinasua huko na vifungo vya dunia ndiko kunakofundishwa na imani ya Kihindu aliyoikumbatia, na jina la albamu, lenye maana kwamba vyote havina budi kupita, linasema hilo hilo. Wimbo unaofuata, "Isn't It a Pity", unasikitikia jinsi tunavyoumizana, naye mwimbaji anajihesabu miongoni mwa wanaoumiza. Hasira ingeondolewa, naona masikitiko hayo yangekosa chanzo.